Mpangaji wa Mji Mkongwe na Kesi ya Kubambikiwa

Masika hayapiti ila Mji Mkongwe upate kesi mpya. Pahala fulani ukuta umeachia, mawe na udongo mwekundu vimejaa uchochoroni, watu wamezuiwa kupita, na vumbi halijatua mshitakiwa keshapatikana. "Wapangaji hawa! Nyumba moja familia saba, kodi ya kununulia mkate, maji wanamwaga ovyo, na kutoka hawataki." Maneno haya nimeyasikia barazani na nimeyasikia kwenye semina zenye viyoyozi. Nimeyasikia hata kwa mtu ambaye bibi yake mwenyewe alifia ghorofa ya pili ya nyumba ya namna hiyohiyo.

Na tiba yake huwa ni moja. Wahamishwe, apewe mwekezaji, itoke hoteli ndogo ya vyumba kumi na viwili, mlango wa nakshi upakwe mafuta, nyumba ipone.

Kesi hii inastahili kusikilizwa vizuri, maana wanaoshitaki hawazungumzi uongo mtupu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini ziliingia mikononi mwa Serikali, na waliopewa kukaa walikuwa watu wa Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili wa Darajani, wa mashamba na wa Pemba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya bwana mmoja na jamaa zake likagawanywa kwa mbao na mapazia. Jiko la mkaa likawekwa kwenye kituo cha ngazi. Kodi ikabaki pale ilipopangwa, thamani yake ikayeyuka, na fedha ya kubadilisha boriti haikuwapo kwa mpangaji wala kwa mwenye nyumba. Nyumba za Wakfu nazo zikafuata njia hiyo: kodi ndogo, matengenezo madogo, kisha hakuna matengenezo kabisa. Hali ilipokuwa mbaya ndipo mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Majumba yalipokuja kuhesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalikuwa kama 1,700, na mengi kati yake yalikuwa hoi.

Wakati huo hakuna aliyeyataka. Mtu mwenye pesa zake alikwenda kujenga Mbweni au Mazizini, akatia saruji na bustani. Wa mwanzo kuja kununua magofu ya Hurumzi, Shangani na Kiponda walionekana wendawazimu. Wao ndio waliotoa boriti zilizooza wakatia nyengine, wakawatafuta mafundi wazee wa chokaa na nakshi, wakawapa kazi na vijana wa kuwafunza. Ziko nyumba ambazo leo zingekuwa viwanja vitupu, na zimesimama kwa sababu ya wageni wanaolala ndani yake. Utalii wenyewe, kwa makadirio yanayotajwa na Serikali, unatoa karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar. Kijana wa Kwahani anayevaa sare ya mapokezi Shangani analisha nyumba. Atakayebisha haya atakuwa anabisha kwa hasira tu.

Basi mbona nasema kesi ni ya kubambikiwa?

Tuanze na nyumba kubwa kuliko zote. Tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mzima na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa limo katika matengenezo. Ndani yake hamkuwa na mpangaji hata mmoja. Hapakuwa na aliyepika kwa mkaa, hapakuwa na aliyegawa chumba kwa mbao, hapakuwa na mtoto aliyemwaga ndoo kwenye ngazi. Lilikuwa jumba la makumbusho lililofungwa kwa miaka. Lingekuwa na familia saba, sote tungesema ni hao.

Nyumba ya mawe ya Unguja adui yake ni maji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zinabebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimechomekwa ukutani. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vyetu. Ndiyo maana sebule ya tajiri ni ndefu kama ushoroba lakini haizidi mita tatu kwa upana. Chokaa hupumua. Maji yakiingia hutoka polepole. Ukiikandika saruji juu yake umeifunga pumzi, maji yanabaki ndani, kichwa cha boriti kinaoza gizani, na siku moja sakafu inashuka na watu wake. Paa likivuja msimu mmoja ni tatizo. Likivuja misimu kumi ni kaburi.

Sasa nenda kahesabu vyoo. Nyumba ya zamani ilikuwa na choo kimoja pembeni kwa kila ghorofa, kimoja juu ya mwenzake, ili maji yashuke upande mmoja wa nyumba. Familia saba wanapokezana foleni hapo, na ndoo na kata. Ikigeuzwa hoteli, mgeni hakubali foleni. Kila chumba kinataka choo chake na bafu lake la maji moto, na vyumba ni kumi na viwili. Mabomba yanapita katika kuta ambazo hazikuzaliwa na bomba. Juu ya paa linapandishwa tangi la lita 5,000, yaani tani tano za maji zimekaa juu ya miti ya mikoko. Fundi hodari atajua pa kupitisha na pa kuegemeza, na mafundi hodari tunao. Asiye hodari ataficha uvujaji nyuma ya plasta na rangi nzuri mpaka boriti igeuke unga. Mpangaji bomba likivuja usiku, jirani wa chini hapigi simu kwa meneja. Anatoa kichwa dirishani: "We mama Asha, maji hayo!" na mtaa mzima umejua.

Sisemi hoteli zinabomoa mji. Nasema swali la nani anamwaga maji mengi zaidi ndani ya nyumba za mawe halijaulizwa kwa haki, kwa sababu mmoja wa wahusika ana kandambili na mwengine ana kiyoyozi.

Iko tarakimu moja inayoninyima usingizi. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498. Mwaka 2024 wakafika 736,755. Gawa kwa siku: ni zaidi ya 2,000 kila siku inayopambazuka. Wengi wanakimbilia Nungwi, Kiwengwa na Paje, lakini ni wachache wanaoondoka bila kupita Mji Mkongwe, hata kama ni saa mbili za kufuata mwongozaji mwenye kofia. Wakazi wa Mji, idadi ambayo imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi, ni kama 16,000. Kwa hesabu ya kichwa, kila mkazi mmoja ana wageni zaidi ya arubaini kwa mwaka, akiwemo mtoto mchanga. Na tarakimu ya juu inapanda, na ya chini sioni pa kupandia.

Wageni hawana kosa. Sisi ndio tuliowaambia karibu, na karibu inataka mwenyeji. Nyumba zote za uchochoro mmoja zikishageuzwa, karibu inasemwa na mfanyakazi ambaye zamu yake inakwisha saa nne za usiku, akapanda daladala kwenda Fuoni, nje ya Mji. Baada ya hapo uchochoro hauna mwenyewe. Kuna taa, kuna kamera, kuna mlinzi aliyejikunja kwenye daka. Hakuna wa kukuuliza "Unatoka wapi saa hizi, na mama'ako anajua?"

Ukitaka kuujua mtaa uliobaki na watu na mtaa uliobaki na nyumba, usiende mchana. Mchana Mji wote umejaa: wenye maduka, maofisi, watoto wa skuli, wageni. Nenda alfajiri. Mji Mkongwe una misikiti karibu 50 katika eneo ambalo mtu analivuka kwa miguu kwa dakika chache, na hiyo haikuwa fahari ya wajenzi tu. Ilikuwa ni hesabu ya majirani: kila vichochoro vitatu vinne vilikuwa na watu wa kutosha kujaza safu. Adhuhuri leo bado inajaza. Alfajiri ndiyo isiyodanganya, kwa sababu anayesali alfajiri ni yule aliyelala hapo. Upo msikiti ninaoujua ambao adhuhuri watu wanasalia mpaka barazani, na alfajiri imamu na muadhini wamesimama na wazee wanne. Upande mwengine wa Mji, kwenye nyumba zinazoitwa mbovu, za wapangaji wanaoitwa waharibifu, safu mbili zinatimia na vijana wamo.

Narejea tena kwenye safu ya alfajiri kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayobeba jeneza. Mtu akifa Kiponda saa tisa za usiku, nani anagongewa? Nani anakwenda kuchukua jeneza msikitini, nani anachemsha maji, nani anajua marehemu alikuwa anamdai nani na anadaiwa na nani? Wanawake gani wanaingia bila kuulizwa, wanafungua kabati, wanatoa mikeka na masufuria? Kazi hii hailipwi, haimo katika mpango wa uhifadhi wowote, na haiwezi kufanywa na mtu anayeishi Fuoni. Wazee wawili wa Shangani wamewahi kuniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba hawaogopi kufa, wanaogopa kufa mwezi wa Agosti, hoteli zimejaa na majirani hakuna. Walisema kwa kucheka. Mimi sikucheka sana.

Sisi wanaume tukiuzungumzia mtaa tunazungumzia baraza: kahawa, dhumna, siasa za kijiwe cha Jaws Corner, nani kamfunga nani mpira. Mtaa wa Mjini hasa umeshikwa ghorofani. Umeshikwa na kikapu kinachoshushwa kwa kamba kumchukulia mtu ndimu kwa muuzaji aliye chini, na dirisha linaloangalia dirisha. Ramadhani unashikwa na sahani inayotoka na sambusa na kurudi na kitumbua, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi mmoja wa Mkunazini alipeleka sahani ya futari nyumba ya wageni iliyofunguliwa mkabala naye, kama alivyokuwa akipeleka kwa waliokuwa wakikaa mle. Ikarudi kesho yake imeoshwa, inang'ara, na shukrani nyingi za kijana wa mapokezi. Tupu. Kijana hakukosea lolote. Atatia nini, na jiko si lake? Bibi alipeleka tena mwaka uliofuata, kisha akaacha.

Mji ulipoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, haukuingizwa kwa milango peke yake. Kilichosifiwa ni jinsi tamaduni za Afrika, Uarabuni, Uhindi na Ulaya zilivyoingiliana hapa zaidi ya miaka elfu. Nakshi ni alama ya kuingiliana huko. Kuingiliana kwenyewe kuko wapi leo? Kuko kwenye nyumba ambayo chini anakaa Mhindi mwenye duka la vitambaa, juu yake Mpemba mwenye boti, juu yake mama wa Makunduchi anayeuza urojo, na watoto wao wote wanakwenda chuo kimoja cha Kurani na kula bakora za mwalimu mmoja. Nyumba njema si mlango, wazee walishasema, na hapa kwetu milango ndiyo inayopigwa picha.

Nitaulizwa, na nimeshaulizwa: unamtetea mpangaji, umesahau mwenye nyumba? Sijasahau. Wako watu waliofia Maskati, Dubai na Mombasa na ufunguo wa nyumba ya Baghani sandukuni. Hilo ni jeraha, na halitibiwi na makala. Lakini halitibiwi pia kwa kumpa mwekezaji ambaye hana nasaba na mmoja wala mwengine. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile mwaka 1966 leo ni babu. Miaka sitini ya kukaa, kuzaa na kuzika si uvamizi tena. Hiyo nayo ni historia ya nyumba, hata kama haikuandikwa kwenye kibao kilichobandikwa mlangoni.

Na nitaambiwa mtaa huo ninaousifu haukuwa pepo. Kweli. Kabla ya 1964 si kila mtu alikaa kila baraza. Kuna waliovuka daraja la Darajani asubuhi kuja kufanya kazi na jioni wakarudi Ng'ambo, na kuna nyumba walizoingilia mlango wa nyuma. Kwa hiyo wanaolilia "Mji wa zamani" wangefanya vyema kuchagua wa zamani gani. Ninaoutetea mimi ni mdogo kwa umri: Mji wa baada ya hapo, uliojaa watu wasiokuwa na fedha wala nasaba, ambao walijifunza kukaa pamoja kwa sababu choo ni kimoja.

Na watu hao si kweli kwamba hawatengenezi. Ipo nyumba moja upande wa Sokomuhogo, sitaitaja wala mwenye mamlaka nayo. Wapangaji wake wana daftari la skuli lenye mistari, jalada la bluu. Ndani mmeandikwa kila mchango tangu paa lilipoanza kuvuja: mabati, misumari, ujira wa fundi, boriti mbili, mifuko ya chokaa kwa sababu mzee mmoja aliwakataza saruji. Waliomba ruhusa, wakasubiri, masika yakaja kabla ya jibu, wakaezeka. Hawana mkataba unaosema fedha hizo zitahesabiwa katika kodi. Hawana karatasi inayosema mwakani bado watakuwa hapo. Mtu ambaye hajui kama atalala hapo mwakani akanunua boriti, huyo unamwita mharibifu?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ni jambo la karatasi zaidi kuliko la mapenzi. Mwekezaji anapewa ukodishwaji wa miaka mingi, ndipo anatia fedha. Angepewa wa mwezi kwa mwezi asingetia hata senti, na hakuna ambaye angemlaumu. Mpangaji kapewa wa mwezi kwa mwezi na analaumiwa. Mpe naye muda: miaka kumi na tano kwa sharti la matengenezo, orodha ya kazi, fundi wa Mamlaka akague, kodi ipande kiasi lakini sehemu yake irudi kwenye paa la nyumba ileile. Atakayeshindwa hapo ashitakiwe. Sitasema neno.

Hoteli nazo zisifukuzwe. Ningekuwa mjinga kusema hivyo. Lakini kwa nini hesabu isifanywe mtaa kwa mtaa? Sheha, kiongozi wa Serikali mtaani, anajua nyumba ngapi za shehia yake zina wakazi na ngapi zina wageni, zikiwemo zile zinazopangishwa kimyakimya kupitia Airbnb. Mtaa ukifika kiwango fulani, ruhusa ya kubadilisha matumizi isimame. Na kwa kuwa nyumba zetu zimeegemeana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, mwenye hoteli anayechangia paa la jirani yake anaokoa ukuta wake mwenyewe. Hili si sadaka. Nyumba ya jirani ikishuka haitashuka peke yake.

Najua jibu nitakalopewa: fedha. Fedha za kutengeneza nyumba zilizobaki hazipo, na fedha za mwekezaji zipo leo. Jibu hilo ni la kweli na ndilo linalonitatiza kuliko yote, maana nyumba haisubiri. Kuna nyumba ambazo kwa sasa hazina wa kuziokoa ila huyo mwenye vyoo kumi na viwili, na kama ni baina ya hoteli na kifusi, mimi nitachagua hoteli. Ila tusijidanganye kwamba kila nyumba imefikia hapo. Nyingine tumezisukuma wenyewe zifike, kwa kumnyima aliye ndani ruhusa ya kupiga msumari, kisha tukaja na kamera kupiga picha ya ufa.

Ufukweni Shangani liko jumba la kale ambalo sasa ni sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, baada ya mvutano usiokuwa mdogo na UNESCO. Jumba lenyewe linaitwa Mambo Msiige. Husimuliwa kwamba aliyelijenga alitumia anasa nyingi, mpaka mayai kwenye chokaa, akajua hakuna atakayeweza kumfuata. Jina limekaa pale zaidi ya miaka mia na hamsini, na kila anayepita na mpango wake mkononi analisoma.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye ile nyumba ya Sokomuhogo. Walikuwa wameshapita watu wa kuhesabu: wameandika mlango, umri wake, aina ya nakshi, roshani mbili, hali ya ukuta wa mbele. Hawakupanda juu. Daftari la bluu lilikuwa kwa mama wa ghorofa ya kwanza, juu ya kabati, limefunikwa kwa kitambaa lisiingie vumbi. Mchango wa mwisho umeandikwa mwezi uliopita, wa bomba la choo. Familia sita zimelipa, ya saba imelipa nusu, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mume yuko baharini, tumsubiri."